Alichosema Denzil Kando ya Gari

Tansy Creek, Kentucky
14 Aprili 1996

Kwako mwanangu Corinne,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Mimi mzima, ila goti linanisumbua, na mvua haijali goti la mtu. U hali gani huko Lexington?

Ulikuja kutuendeshea mkutano kanisani, ukaondoka bila kuonja vitunguu pori nilivyokukaangia na viazi. Basi nikavila mwenyewe. Ila nina swali. Ulitwambia serikali ya wilaya itajenga ukuta kule mjini ili mto usiingie madukani. Haya. Maji yakizuiwa kule yataenda wapi, mbinguni? Watu walinyamaza kwa kuwa wewe ni mtoto wa kaka yangu. Hawakutaka kukuaibisha mbele ya wakubwa wako wenye tai. Jirani yangu Denzil Combs peke yake ndiye aliyekufuata nje hadi kwenye gari. Alikwambia nini? Mkewe Opal anasema tangu siku ile mzee haongei.

Shangazi yako,
Ova

Lexington
2 Mei 1996

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi sijambo, kazi tu imenibana.

Ripoti imeshafika wilayani. Niliandika kilichotokea mkutanoni: wakazi wa Tansy Creek hawakutoa pingamizi. Wahandisi wanasema huko kwenu maji yatapanda inchi chache tu. Denzil alinisalimia, akaniuliza habari za marehemu baba, basi. Ondoa hofu. Nitakuja Krismasi.

Mwanao,
Corinne

Tansy Creek
9 Januari 1997

Mwanangu,

Hujambo? Krismasi imepita na kuku wako nimemla. Huku baridi kali, ila tunapumua.

Ukuta umeanza kupanda. Denzil amehamishia vitanda ghorofani, na watu wanamtania: "Mzee, safina itakuwa tayari lini?" Yeye anajibu, "Nilishamwambia anayepaswa kusikia." Halafu ananitazama mimi. Kwa nini ananitazama mimi, Corinne?

Shangazi yako,
Ova

Ukumbi wa shule
20 Machi 1998

Corinne,

Nakusalimu. Safari hii siwezi kuandika kwamba sote tu wazima.

Maji yalikuja Jumanne asubuhi, nikiwa na mkate wa mahindi jikoni. Ukuta umesimama imara, na madukani hakujalowa hata ufagio. Maji yote yamekuja kwetu. Denzil alimpandisha Opal mlimani, akarudi kumchukulia dawa zake za sukari. Tumempata Alhamisi, chini ya daraja.

Tunalala hapa shuleni. Kitanda cha Opal ni cha tatu kutoka changu.

Ova

Lexington
29 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nilikudanganya.

Denzil aliniambia hivi: "Binti, mwaka wa hamsini na saba maji yalinifika kifuani, nimesimama jikoni kwangu, na ukuta haukuwepo. Andika hilo." Nikamjibu, "Bwana Combs, mkutano umeshafungwa." Akasema, "Mkutano umefungwa, binti. Mto haujafungwa." Nikawasha gari.

Niliandika maneno yake daftarini, kisha nikauchana ule ukurasa. Bosi alitaka ripoti safi, nami nilitaka anipe mikutano mingine ya kuendesha.

Sasa kila ukumbi ninaoingia, namwona mzee amesimama nyuma, kofia mkononi, anasubiri zamu yake. Nikitazama vizuri, ni ukuta mtupu. Nimeacha kazi. Nimeiandikia wilaya ukweli wote, na nakala nimeipeleka gazetini. Nisamehe.

Mwanao,
Corinne

Ukumbi wa shule
6 Aprili 1998

Mwanangu,

Nilikusamehe kabla sijaimaliza barua, damu haichujiki. Lakini wa kukusamehe si mimi. Usinitume kwa Opal. Njoo, useme kwa kinywa chako.

Shangazi yako,
Ova

Lexington
31 Mei 1998

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti lako je? Natumaini mmeshamaliza kuzoa tope ndani.

Siku ile niliyokuja ulikuwa umekwenda kusafisha nyumba, nami niliondoka bila kukungoja. Sikuweza. Nilikaa kitandani kwa Opal, nikamweleza kila kitu. Nilingoja kofi. Aliniuliza, "Alikuwa amevaa koti?"

"Ndiyo. La kahawia."

"Na akasema hivyo, mto haujafungwa?" Akacheka, Shangazi. Alicheka huku machozi yakimtoka. "Rudia."

Nikarudia.

"Sivyo. Denzil neno la mwisho hulivuta. Rudia."

Nilirudia hadi mwanga wa dirishani ukahama ukutani. Mwishowe akafumba macho, akasema, "Haya. Ndiye huyo."

Neno la msamaha hakulitamka, wala sikuliomba. Sasa hunipigia kila Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya shule. Hasalimii. Husema tu, "Sema," nami nasema, naye hukata simu.

Jana dukani muuzaji aliniuliza kama nataka mfuko. Nikamjibu, na neno la mwisho likavutika.

Mwanao,
Corinne