Kumi na Mmoja Niliowaandikia "Ameacha"

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi.

Nimekosea. Naandika hapa kwa sababu ofisini bado sijamwambia mtu.

Kazi yangu hapa Kibiti ni kukusanya taarifa za wagonjwa wanaotumia vidonge vya ugonjwa wa selimundu. Jopo la Dar es Salaam litazisoma, kisha liamue kama bima ya umma ivilipie. Mbele ya kila jina najaza neno moja: anaendelea, au ameacha. Wagonjwa kumi na mmoja wa Kiongoroni, kijiji cha delta, hawakuonekana kliniki siku walizopangiwa. Nikawaandikia ameacha. Wote.

Leo akaja Bi Mwajuma wa Kiongoroni na binti yake Hadija, kuuliza habari za dawa zimefikia wapi. Fomu ilikuwa mezani. Akaliona jina la mtoto.

"Hee! Hadija ameacha lini, mwanangu? Labda kaacha ndotoni kwako!"

Nikamwonyesha tarehe. Kicheko kikamkatika.

"Ninyi watu wa barabarani mnahesabu tarehe. Sisi tunahesabu maji. Maji yakiwa mafu, hayapandi, boti haipiti, tunangoja bamvua, maji yajae. Nesi wa kliniki anatupatia dawa siku tunayofika, anaandika kwenye daftari lake."

Daftari ambalo sikuliulizia.

Bibi yangu mzaa mama ni wa huko huko delta. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, ila nilikuwa na haraka.

Hadija alikuwa halali usiku kwa maumivu ya mifupa, leo wodini, kesho wodini. Tangu aanze vidonge hajalazwa. Lakini vinatolewa na mfadhili, na mfadhili anaondoka. Jopo likisoma fomu yangu litaona dawa ambayo watu hawaitaki.

Mkuu wangu ameshatia saini. Bahasha inaondoka kesho saa tatu. Mkataba wangu ni wa muda, yeye ndiye anayeuongeza, na karatasi ikirudishwa kwake huitupa mezani. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jioni nimempigia nesi. Akanisomea daftari, jina kwa jina. Kumi wanaendelea. Mmoja tu kahamia Mafia.

Nakala yangu nimeisahihisha. Yenye saini iko kabatini kwa mkuu.

Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwake. Najijua lakini. Nitagonga, au nitasema nilikuwa napita tu?