Jina la Hawa Limerudi Kwenye Boti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa Ufukoni. Nina kiboti cha aluminiamu, cha watu watatu na ndoo, ubavuni nilikiandika HAWA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za mgombea udiwani, kwa sababu Hawa alikuwa mke wangu, baadaye tukaachana, yeye anakaanga samaki palepale tunapoegesha, mimi nikamwoa Fauzia, na Fauzia miaka minne amekula samaki wa boti yenye jina la mwenzie bila kusema neno, hadi juzijuzi aliponiambia, "Baba Asadi, ama jina hilo ama mimi." Basi nikaivuta boti hadi uani, nikanunua kopo la rangi ya bluu, ile ya milango, nikapaka siku hiyohiyo, sikukwangua, sikuosha, si kazi ya rangi ni kufunika? Kesho yake nikaandika FAUZIA, mke wangu akapika wali wa nazi, nikajiona fundi. Wiki ya pili narudi kutoka Msimbati, watu wamejaa wanangoja samaki, Fauzia mbele na beseni lake, boti inapanda mchanga, rangi inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, FAUZIA anaondoka na maji, HAWA huyo, mwekundu kama jana. Mtani wangu Hemedi akapaza sauti, "Thabiti! Umemrejea Hawa, hata pilau hukutualika?" Hawa naye kwenye karai lake akajibu, "Mie sirejewi kwa kopo moja!" Fauzia akaliacha beseni palepale, sasa yuko kwa mama yake, mtaa wa Rahaleo, anasema nilifanya kusudi. Nahisi Hawa kaiendea boti kwa mganga. Nitafute mganga mkubwa zaidi, au niiuze?

Thabiti, Ufukoni

Mzee mwenzangu Thabiti,

Pole. Nimecheka, lakini nilimaliza kusoma kwanza, kama ulivyoagiza.

Mganga wa nini? Uchawi huo tunao wengi, jina lake uvivu. Umepaka rangi ya milango juu ya chumvi, juu ya mafuta ya samaki, juu ya Hawa, ukategemea ishike! Aluminiamu hata ikiwa safi haipendi rangi bila praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Na ukiuza boti utakula nini, sifa?

Kilichomuuma Fauzia si rangi. Alinyamaza miaka minne, akakuomba kitu kimoja, wewe ukampa alasiri moja.

Sasa sikia. Kodi guta, boti ipeleke Rahaleo, uani kwa mkweo, mchana kweupe. Wazee wetu walilima shamba la mkwe ndipo wakapewa mke. Wewe kwangua boti. Kwangua mpaka bati ling'ae, piga msasa, osha kwa sabuni na maji ya bomba, ikauke. Kisha praima ya aluminiamu, halafu rangi ya boti mikono miwili, kila mkono ukauke. Ni siku nne, tano. Mkweo asipokupa chakula, funga sunna.

Ila ukikwangua, herufi ya mwisho ya HAWA usiiguse. Iwekee msasa pembeni, nenda ukaswali adhuhuri. Ukirudi ukaikuta imekwanguliwa, mkeo unaye. Ukiikuta ipo, omba radhi kwa sauti inayoizidi ya Hemedi, uendelee na kazi.

Jina jipya achague Fauzia. Akisema hataki jina la mwanamke yeyote, andika HEMEDI. Mtani haachiki.