Posa ya Pili kwa Somoe

Shemeji yangu Bakari,

Asalaam aleikum, wewe na hilo goti lako. Bado linalia kama mlango? Mikorosho imetoa maua? Umeipulizia dawa ya salfa au unaitazama tu? Huku Dodoma kwa binti yetu Zuhura tunakula, tunalala, na vumbi linatupenda.

Sasa habari za dada yako. Daktari kasema huu ugonjwa wa kusahau, Alzaima, huanza kula mambo ya jana. Ya zamani huyaacha mwisho. Kweli tupu. Somoe hajui asubuhi kanywa nini, lakini mpe korosho abangue: zinatoka nzima zote. Mimi mwenye akili zangu navunja nusu.

Tatizo, ya jana ni mimi. Tangu Jumatatu kanifukuza chumbani. "Toka, baba! Mimi mwari wa watu, kwetu Likombe."

Nikamwambia, "Somoe, mimi mumeo. Tuna wajukuu tisa."

Akacheka. "Mzee kama wewe? Mchumba wangu kijana, ana mikorosho mia mbili."

Shemeji, kijana huyo ni mimi! Na mikorosho unaijua, ilikuwa kumi na miwili, mmoja ukakauka. Wajukuu kawasahau, uongo wangu kautunza.

Zuhura akawa analia. Mimi nikavaa kanzu, nikajipaka mafuta, nikabisha hodi kuposa upya. Somoe akanikagua toka kofia mpaka kandambili. "Si mbaya. Lakini kwetu hatuposwi kwa mdomo. Mwandikie kaka yangu." Nikataka kukupigia simu, akaniuliza hiyo posa au umbea?

Basi ndiyo hii. Mimi Issa, darasa la nne, meno sita, mikorosho kumi na mmoja, namposa dada yako. Jibu kwa mkono wako, ule mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, bado anaujua. Mara ya kwanza ulinizungusha misimu miwili. Safari hii fanya haraka, sakafu ya sebuleni inaumaliza mgongo wangu.

Nisalimie mkeo, anayekuvumilia, na shangazi yenu muuza vitumbua wa Chikongola.

Nimemsomea Somoe barua hii. Kauliza, "Kaka akikataa?" Nikasema nitaposa tena. Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi.

"Basi ngojea hapa. Ila usiniguse mpaka ajibu."

Ni mimi, mposaji wako king'ang'anizi,
Issa