Shilingi ya Tembo Haifiki Milioni Nane

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya leo si ya kawaida. Vidole vimekufa ganzi, uzi hauingii tunduni. Hata hivyo sare tatu za shule zimeisha kabla ya saa nne.

Baadaye nikapiga picha sarafu tano. Kitambaa cheusi, karibu na dirisha, mbele na nyuma. Nimeziposti. Senti hamsini za sungura mbili, senti ishirini ya mbuni, shilingi ya mwenge, shilingi ishirini ya tembo. Sijazisugua. Ile ya kwanza kabisa niliisugua kwa majivu na limau, ikang'aa kama sufuria ya harusi, na mteja akairudisha. Wanautaka ule weusi wake. Sasa najua.

Mwaka wa pili huu nauza hapahapa Mlandege, Iringa, kwenye kibanda cha cherehani. Wateja wa nguo wananicheka. Mama Lusungu anauza hela zilizokufa! Wacheke. Hela zilizokufa zimeezeka jiko langu.

Jumanne, 10 Juni

Sungura mmoja kaondoka. Elfu nne, na nauli ya posta juu yake. Sarafu yenyewe hainunui hata kiberiti dukani, lakini mtu wa Tanga kalipa elfu nne bila kubisha.

Huwa nawauliza kwa nini. Si umbea, nataka kujua. Huyu ana albamu yenye matundu, na tundu la mwaka ule lilikuwa tupu kwa miaka sita. Mwingine, mama anayeishi ughaibuni, alinunua senti tano kwa sababu baba yake alikuwa akimpa moja kila Jumamosi ya kununua andazi. Baba kafa. Andazi halipo. Senti tano ipo. Wengine wanafuata mwaka tu, au sarafu ambayo haikuchakaa. Ya kawaida iliyochakaa haina bei. Hilo huwa nawaambia wote wanaoniletea, hata wakinuna.

Alhamisi, 12 Juni

Kaka Aidan kapita kibandani na koti lake la kanisani. Nilidhani kaleta kazi. Kumbe kaleta habari. Kuna grupu kwenye simu, mwenyewe yuko Mbeya, wanamwita Bosi Amani. Ukiwa na shilingi ishirini ya tembo unalipa elfu thelathini ya usajili, halafu mzungu ananunua sarafu yako milioni nane.

Milioni nane! Mimi hiyo nauza elfu tatu, na wiki nyingine hainunuliwi.

Nikamwambia ni wizi. Akaniambia nina wivu. Ndipo akatamka lililonikata maini: yeye ndiye wakala wa mtaa wa Kihesa. Watu wanampa usajili mkononi kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Kaka yangu wa damu. Simu yake ilikuwa inalia muda wote alipokuwa hapa.

Nina hasira. Sikushona tena mpaka jioni.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Faraja, jirani yangu, kauza nguruwe. Jike, lilikuwa na mimba. Kalipia sarafu tatu. Alinionyesha karatasi yenye mhuri wa zambarau, anaishika kama cheti cha ubatizo.

Nilimwambia ukweli wote. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kila mtu ana riziki yake.

Jumapili, 15 Juni

Nimesimama kanisani. Baada ya matangazo, kabla hatujatoka. Nikasema mimi nauza sarafu hizi kwa mikono yangu, nazijua bei zake, ya tembo ni elfu tatu, na anayeahidi milioni nane akianza kwa kuchukua pesa yako ni mwizi. Sikumtaja Aidan. Sikuhitaji, macho yote yalimgeukia.

Huko nje yakanipata. Eti nataka kutajirika peke yangu. Eti nina dawa. Hela za zamani ni za kichawi, ndiyo maana mume wangu hakudumu. Hilo la mwisho lilitoka kwa mwanamke niliyemshonea gauni la kipaimara la mwanawe kwa mkopo.

Aidan hakunitazama. Alisema tu, "Umenivua nguo mbele ya watu, Tumaini."

Nikamjibu, "Vaa basi. Rudisha pesa za watu."

Sijutii. Nimelia, lakini sijutii.

Jumatatu, 16 Juni

Sijauza kitu. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao havijakatwa. Sawa. Iringa ina watu wengi wenye suruali za kupunguzwa.

Nimeamua. Kesho kutwa naenda Mbeya. Nimemwambia Mama Faraja, kama Bosi Amani ni mkweli, twende akalipwe papo hapo. Kafikiri sana. Kakubali.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika, nimeona, naandika nikiwa kwa binamu yangu hapa Mbeya, miguu kwenye beseni la maji moto.

Tuliondoka na basi la alfajiri. Ofisi yenyewe ni chumba juu ya duka la vipuri, Mwanjelwa. Mabenchi mawili, watu kumi na kitu. Karibu yangu mzee wa Kisukuma, mfugaji kutoka Madibira, sarafu yake kaifunga kwenye ncha ya shuka. Kauza ndama. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama mzungu anakuja mwenyewe au anatuma mtu. Moyo uliniuma.

Bosi Amani ni kijana msafi, viatu vyenye ncha, anaita kila mtu mama yangu na baba yangu. Zamu ya Mama Faraja ilipofika nilisimama naye. Nikaweka tembo mezani.

"Mwanangu, mzungu atakupa milioni nane. Sisi tuna shida. Tupe laki moja sasa hivi, zilizobaki ni zako."

Akacheka. Akasema utaratibu hauruhusu.

"Elfu hamsini."

Utaratibu.

"Elfu kumi basi! Kitu cha milioni nane, kwa elfu kumi!"

Hakuwa anacheka tena. Akaniambia nitoke, naharibu biashara. Nikakaa chini. Nikamwambia nimetoka Iringa, nimelipa nauli, sitoki mpaka anunue tembo wangu.

Hapo mzee wa Madibira akainuka, taratibu, fimbo mkononi. Hakupaza sauti. "Sasa mimi unipe hela yangu."

Halafu mwingine. Halafu wote. Fundi wa duka la chini alipanda kuona kelele za nini, akabaki mlangoni kaziba njia. Bosi Amani akafungua droo. Alilipa waliokuwa chumbani, mmoja baada ya mwingine. Kila noti aliihesabu mara mbili. Nilifurahi kumwona hivyo, Mungu anisamehe.

Mama Faraja kazikunja zake elfu tisini, kaziweka kifuani. Kanishika mkono wakati wa kuvuka barabara.

Ijumaa, 20 Juni

Grupu limefutwa. Simu ya Amani haipatikani. Na lawama zote ni zangu. Eti ningekaa kimya, mzungu alikuwa njiani. Watu ishirini na mmoja wa Kihesa wamepoteza. Wananichukia mimi, si yeye.

Wanichukie. Nimetundika ubao nje ya kibanda, nimeandika kwa chaki bei ninazouzia, sarafu moja moja. Asome anayejua kusoma.

Jumanne, 24 Juni

Nimesikia kwa Mama Faraja: Aidan kauza pikipiki. Anapita nyumba kwa nyumba Kihesa, kwa miguu, anarudisha. Haitoshi wote. Kaanza na wajane.

Hakuniambia. Sikumpigia.

Jumamosi, 5 Julai

Jua kidogo leo. Aidan kaja asubuhi.

"Kamwene," akanisalimia, kama mgeni. Nikaitikia. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, nikaendelea na pindo la sketi. Kakonda. Viatu vina vumbi mpaka kwenye kamba.

Baada ya muda akatoa shilingi mfukoni. Ya mwenge, imechakaa, ukingo umeliwa. Ya mwaka aliozaliwa. Kumbe mama alimwekea, na mimi sikuwahi kujua. Akauliza ingeuzika bei gani. Hakunitazama.

Nikaiweka kwenye mwanga, nikaigeuza pande zote kama ninavyofanya kwa mteja yeyote. Nikamwambia ukweli. Mia tano, akipatikana mtu.

Akaitazama kiganjani. Akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Siuzi," akasema.

Nikamsogezea kikombe cha chai. Tukanywa.