Ofa ya Kalambo

Mazwi, Sumbawanga
Ijumaa, 19 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Mama naye nampa shikamoo yake hapo hapo, maana najua amesimama nyuma yako anakuhimiza usome kwa sauti. Mnaendeleaje na baridi hii? Kifua chako kimepona, au bado unakunywa dawa siku mbili na ya tatu unaificha? Ulezi mmeshaupura? Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, na sare za kwaya zinafanya mkono uende kinywani.

Barua hii umeletewa na mtoto wa kike wa miaka saba. Tafadhali mpe kigoda akae, na Mama ampe togwa, kisha ndipo uendelee kusoma. Ametoka mbali, na nimemwambia asiondoke mpaka umalize. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu, Baba, ukikasirika unaikata. Maandishi hujawahi kuyaacha katikati. Miaka thelathini ya ukatekista imekuzoesha kufika mpaka Amina.

Sasa nikupe habari za ile safari ya maporomoko ya Kalambo, uliyonibarikia huku ukisema nitatapeliwa mchana kweupe. Sikutapeliwa. Ukurasa wenyewe niliuona Facebook: picha za maji yanayoanguka, magari mawili, na ofa kwamba watu kumi na wawili wakilipa, wa kumi na tatu anakwenda bure. Unanijua nisivyopenda kupitwa na cha bure. Lakini mwanao si mjinga. Kwanza nilisoma maoni ya watu mpaka ya mwaka juzi. Kisha nikamwandikia mwenye ukurasa nikimtaka apige video ya gari lake siku hiyo hiyo, na pembeni yake liwekwe sufuria lililofunikwa sahani nyekundu, maana video za zamani kila tapeli anazo. Baada ya saa moja video ikaja, gari, sufuria, na sahani nyekundu juu. Jane, fundi mwenzangu, alicheka mpaka akachoma kidole na sindano.

Nikafungua kundi la WhatsApp. Nilipata kumi na wawili kwa siku tatu, mafundi wa sokoni na wanakwaya, na mimi nikawa wa kumi na tatu. Kelele za kundi lile, Baba, zilizidi za mnadani. Mmoja aliuliza kama huko kuna choo, mwingine akatuma salamu za asubuhi zenye maua kila siku, na Jane akatangaza kwamba safari ni ya alfajiri kwa hiyo kila mtu abebe nguo nzito.

Hapo ndipo tulipojiaibisha. Sisi watu wa juu tunadhani baridi ya Ufipa imeenea dunia nzima. Tuliondoka kila mtu na masweta mawili, wengine na blanketi. Tulipita Matai tukiwa tumejikunyata, lakini tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani joto likatupokea, na masweta yakaanza kuvuliwa moja baada ya jingine. Kwenye maporomoko tulishuka ngazi nyingi tukiwa tumebeba mablanketi kama wakimbizi. Yale maji yanaanguka mbali kiasi kwamba unayatazama ukasahau kufunga mdomo. Nilitamani Mama angekuwepo.

Mchana tulifika Kasanga, nyumbani kwa mwenye ukurasa. Mkewe alitupikia migebuka ya ziwani na ugali, kisha akaturushia kanga tujifunge tupumue. Alicheka kwa adabu, akasema kila mwaka watu wa Sumbawanga wanakuja hivyo hivyo. Ni mwanamke mpole, anaitwa Stumai.

Hapo sasa umesita, Baba. Jina hilo unalijua. Endelea kusoma, nakuomba.

Nimekukosea, na nakiri. Ulinibarikia safari ambayo sikukuambia mwisho wake. Mwenye ukurasa aliponijibu mara ya kwanza, alinitumia ujumbe wa sauti. Alieleza saa ya kuondoka na mahali pa kupandia, kisha akamaliza kwamba mizigo ifungwe vizuri, barabara haina mjomba. Nilisimamisha cherehani. Maneno hayo nimeyasikia kwa mtu mmoja tu, wewe, kila ulipokuwa ukifunga magunia kwenye mkokoteni, na sisi watoto wako wawili tumekushikia kamba. Nililia pale pale kwenye kibanda changu. Video ya sahani nyekundu niliiomba baadaye, nikitumaini atatokea ndani yake. Ulionekana mkono wake tu. Ofa ilikuwa ya kweli, lakini hata angetaka nauli mara mbili ningekwenda. Wale wanawake kumi na wawili niliwakusanya kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu.

Ulisema jina lake lisitajwe ndani ya nyumba yako. Nimetii miaka tisa. Hii ni karatasi, Baba, kwa hiyo naliandika: Alois. Ni mzima, amenenepa, na anakohoa kabla ya kucheka, kama wewe. Nilimuuliza kwa nini hajarudi. Alinikumbusha maneno yako siku alipomuoa binti wa Kiislamu na kuacha shamba, kwamba kwetu mkosaji haji mwenyewe, hutanguliza mtu wa kumwombea. Kila mtu mzima aliyemfikiria aliona utamfukuza langoni.

Basi tukatafuta mtu ambaye huwezi kumfukuza. Anaitwa Agnesi, jina la mama yako. Stumai mwenyewe ndiye aliyelichagua. Ndiye huyo aliyekaa kwenye kigoda.

Unaposoma haya, mimi, Alois na Stumai tuko kwenye mashine ya kusaga, pale njia panda. Ukikubali, mpe Agnesi fimbo yako aje nayo. Akirudi mikono mitupu, tutapanda gari la jioni kurudi mjini, na salamu zangu kwako zitabaki zile zile.

Mama apunguze kulia, togwa isije ikamwagika. Nisalimie majirani wote, na yule jogoo wako mkorofi pia. Mungu akutunzie kifua hicho.

Nami nakushukuru kwa hicho kigoda, Baba. Umempokea kabla hujamjua.

Ni mimi binti yako,
Valeria