Wameniletea Kompyuta Mpya

Kibondo, Jumanne, Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Matope yamefika hadi mlangoni mwa ofisi, na mimi sina raha hata chembe.

Kompyuta imerudi. Ile ya kukunja, yenye orodha ya watoto wakimbizi waliopotezana na wazazi wao njiani. Wiki saba nimewaita kwenye redio wale mafundi wa Dar, jibu lao moja tu: subiri, mama, iko kwenye foleni. Nimewalaani weee! Leo gari la Kigoma limeshusha boksi, nikalifungua kwa kisu cha jikoni.

Kumbe si ile. Ni mpya kabisa, na nailoni yake, na barua juu: kwa kuwa kioo kiliharibika chenyewe ndani ya muda wa waranti, tumewabadilishia mashine nzima.

Ndani tupu. Hamna jina hata moja.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sijauandika. Kioo hakikuharibika chenyewe. Nilikivunja mimi, siku ile hema la mapokezi lilipoanza kuvuja. Niliifunga haraka haraka, penseli imelala juu ya vitufe, nikasikia ka! Waranti haihusu kitu ulichovunja mwenyewe. Nikamwogopa bosi, nikajaza fomu: "Kilizimika chenyewe." Ningesema kweli wangekataa kuitengeneza, wangenirudishia mbovu ile ile, na watoto wote wangekuwa humo, kila mmoja na kambi aliyopelekwa.

Uongo wangu umenipa kompyuta nzuri sana.

Kadi za karatasi zenye majina hayo nilishampa mpishi awashie moto. Mchwa walikuwa wameanza kuzila, nami nikajidai, si yote yamo kwenye mashine? Nakala ya flopi nilisema nitafanya wiki ijayo. Wiki ijayo, wiki ijayo, ndiyo tabia yangu tangu shuleni. Nimepiga redio Dar tena: ile ya zamani wameshaifumua, wametoa vipuri.

Na Mama Desire je? Alivuka kutoka Burundi bila mwanawe wa miaka sita. Aliponitajia kovu la moto kisiginoni nilimkumbuka yule mtoto, nilimwandika kwa mikono yangu hii. Kambi gani alipelekwa, sikumbuki. Wamepita wengi mno. Nikamwahidi, kompyuta ikirudi tu, nitakwambia alipo. Kila Jumanne anakuja kwa miguu. "Mama Ustawi, imerudi?" Ndivyo wanavyoniita hapa, kwa kazi yangu ya ustawi wa jamii. Namjibu, bado.

Leo amefika amelowa chapachapa, akaliona boksi kabla sijafungua mdomo. Akacheka, akapiga makofi. Ee Mungu wangu.

Nikamwambia majina yamepotelea Dar. Hivyo tu, kana kwamba kosa ni lao.

Kesho naomba gari, niende naye kambi ya Kitanga tuanze kuuliza hema kwa hema, kisha kambi nyingine, hata tukimaliza mwezi. Njiani nimweleze habari ya fomu. Nitaweza?

Maana leo nilipomwambia, yeye alikaa kwenye benchi, akajifuta uso kwa kitenge. Kisha akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mama, kwa kazi yako yote kupotea."

Nami nikamjibu, "Nimeshapoa."