Sauti Nyembamba Hupotea Mwanzo

Gazi, 4 Machi 2025

Mwanangu Twaiba,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima na tunafunga, ila masikio yamenitupa kabisa. Jana ulipopiga simu nilikuwa naitikia tu, sikupata hata neno moja. Usipige tena, niandikie. Na unieleze kazi yako ya melini, maana Salimu jirani anawaambia watu unatafuta lulu.

Babako

Melini, 8 Machi

Baba, waaleikum salaam, na shikamoo.

Lulu hakuna. Tunapiga sauti majini, inazama hadi kwenye tope la chini ya bahari ambamo gesi imeganda kama barafu. Tope hilo hula sauti, na mimi hupima imeliwa kiasi gani. Nyembamba hupotea mwanzo, nzito hufika mbali. Nadhani masikio yako ni vivyo hivyo. Unasikia nini bado?

Mwanao

Gazi, 11 Machi

Marahaba mwanangu.

Nasikia ngoma, lori la mchanga, na Salimu akikohoa. Ndege siwasikii. Mama yako, Mungu amrehemu, mwaka wake wa mwisho nilikuwa naona midomo tu, namwambia ndiyo, ndiyo. Hilo linaniuma mno. Uliwahi kusema unayo sauti yake kwenye simu. Huwezi kunisikilizisha, japo mara moja?

Babako

Melini, 19 Machi

Shikamoo baba. Saumu inakwendaje?

Nimeishusha sauti ya mama ikawa nzito, nikaiongeza nguvu, kama tufanyavyo na mawimbi yetu. Ni ya Ramadhani ya mwaka juzi, ananishtakia wewe. Nimemtumia dada Husna, atakuwekea sikioni.

Mwanao

Melini, 26 Machi

Shikamoo baba. Mbona kimya? Husna anasema ulisikiliza, ukainuka ukaingia ndani. Nina wasiwasi.

Mwanao

Gazi, 2 Aprili

Marahaba mwanangu, na Idd njema. Niwie radhi.

Maneno niliyasikia yote. “Baba yako kafungua kwa chai tupu, uji wangu kauacha. Mwambie wewe, mimi hanisikii.” Nililia. Uji nimekunywa kila magharibi tangu siku ile.

Lakini aliyesema ni mwanamume nisiyemjua. Mama yako hakuwamo. Najua ulijitahidi, mwanangu, ila ifute hiyo.

Ile yake yenyewe usiiguse. Ukija mwezi wa sita, kaa mbele yangu uisikilize wewe. Mimi nitakutazama uso.

Babako